Ekseli ya Nyuma: Kutoka Chini ya Gari Mpaka Chini ya Mkokoteni

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Leo tutazungumza juu ya chuma. Tutazungumza juu ya ekseli ya nyuma ya gari la porini, hasa Land Rover, maana hilo ndilo gari ambalo wengi wetu huku Tabora tumezoea kuliona likitoka Sikonge, Urambo, Kaliua na Ulyankulu, mizigo juu, watu juu ya mizigo.

Mtu anaweza kuuliza: bwana shamba ana nini na ekseli? Kazi yake si matuta na dawa za wadudu? Ni swali zuri. Jibu lake ni hili: mazao ambayo hayajafika sokoni bado hayajawa fedha. Tumbaku uliyoikausha kwa uangalifu, ukakesha na moto wa bani, ikilala siku tatu njiani ikanyeshewa, inaota ukungu na daraja lake linashuka. Karanga nazo hivyo hivyo, na mahindi hivyo hivyo. Na mara nyingi kilichoyalaza mazao njiani ni kile chuma kilicho chini ya gari, kule nyuma.

Kwa hiyo leo nataka tuelewane juu ya jambo moja. Ekseli iliyokwisha kazi kwa gari haijaisha kazi kwa mkulima. Lakini upo wakati wa kuibadilisha ili gari liendelee, upo wakati wa kuacha kulitia gari fedha, na ipo namna ya kuihamishia ekseli chini ya mkokoteni wa maksai bila kuumiza mtu wala mnyama.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Ninyi mnaokaa Kwihara, Itetemia na vijiji vya kuelekea Ujiji, mnakaa juu ya njia kuu ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaendelea kuvuka mto Malagarasi mpaka ziwani. Kutoka pwani mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Mizigo yote hiyo, pembe, nguo, shanga na nyaya za shaba, ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wanyamwezi walijulikana kote kwa kazi hiyo.

Kwa nini hawakutumia magurudumu? Si kwamba watu hawakuwa na akili hiyo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kupitisha magari ya kukokotwa na maksai kutoka Saadani, wakitaka kufika Ujiji. Ng'ombe walikufa ovyo kwa ugonjwa wa mbung'o, wale inzi wanaoitwa pia ndorobo, na safari ikarudi kwenye vichwa vya wapagazi. Hata Livingstone, alipoachana na Stanley mwezi Machi 1872, alikaa Kwihara mpaka Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano mtu anangoja usafiri! Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya misafara mirefu ikaisha. Lakini reli haikufika kwenye bani lako wala kwenye ghala lako. Kutoka shambani mpaka barabarani, kichwa cha mama kimeendelea kuwa ndilo gari.

Haya, sasa tuiangalie ekseli yenyewe.

Ekseli ya nyuma ni bomba nene la chuma lililolala kutoka gurudumu moja mpaka la pili. Karibu na katikati limevimba kama chungu. Ndani ya chungu hicho inakaa difu, yaani yale magurudumu ya meno yanayopokea nguvu ya injini kutoka kwa propela shafti na kuigawa kulia na kushoto. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili, moja kila upande, zinakwenda kuzungusha magurudumu. Na mwisho wa bomba, kila upande, kuna habu, na ndani ya habu kuna beringi mbili.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika Land Rover za zamani, uzito wa gari na mzigo wake unabebwa na bomba na beringi. Shafti haibebi kitu. Kazi yake ni kuzungusha tu. Ukiichomoa shafti, gurudumu linabaki mahali pake. Lishikeni neno hili, maana tutalihitaji baadaye.

Gari linapogoma, usikimbilie kusema ekseli imekufa. Dereva anaweka gia, injini inalia, gari halisogei. Mara nyingi iliyovunjika ni shafti moja tu. Katika Land Rover za miaka ya nyuma hiyo ndiyo huvunjika kwanza, hasa dereva anapoachia klachi kwa nguvu huku gari limejaa na magurudumu yamezama mchangani. Punguza mzigo, ingiza gia ya magurudumu ya mbele, nenda polepole, nawe utafika nyumbani kwa kuvutwa na ekseli ya mbele. Ukifika, bolti za katikati ya habu zifunguliwe na shafti ivutwe nje. Kipande kilichobaki ndani nacho lazima kitolewe kabla ya kuingiza shafti mpya. Kipande cha chuma ndani ya difu ni kama jiwe ndani ya mashine ya kusaga: kitavunja meno yote.

Ikiwa difu inalia kwa sauti nyembamba ambayo inaongezeka na mwendo, na hali oili ipo ya kutosha, basi meno yamekula. Hapo difu peke yake inaweza kubadilishwa. Ekseli nzima hubadilishwa pale bomba lenyewe lilipopinda au kupasuka, au pale ncha zinazokaa beringi zilipolika kiasi kwamba beringi mpya inacheza. Kupinda kunapimwa kwa kamba. Pima nafasi kati ya ringi mbili kwa mbele, kimo cha katikati ya gurudumu, halafu pima kwa nyuma kimo hicho hicho. Zungusha magurudumu nusu mzunguko, upime tena. Vipimo vikitofautiana wazi, bomba limepinda. Ukitaka dalili nyingine, angalia tairi: zinaliwa upande mmoja.

Tuseme basi chama chenu cha msingi, au kikundi chenu, kimeamua kubadilisha ekseli nzima. Yapo mambo matatu ambayo mwenye gari lazima ayajue, hata kama kazi anaifanya fundi.

Jambo la kwanza ni usalama, na hili ni la kufa na kupona. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ukifungua propela shafti ya nyuma, au ukichomoa shafti ya gurudumu, au hata ukiinua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, breki ya mkono haizuii tena gari. Unaivuta mpaka juu, unaingia uvunguni ukiwa na imani, na gari linatembea juu yako. Kwa hiyo, kabla ya kugusa spana, gari likae mahali tambarare na magurudumu ya mbele yawekewe kabari za mbao mbele na nyuma. Jeki iwekwe juu ya ubao mpana, maana mchanga wetu wa Tabora unameza jeki. Chesisi ishikiliwe na magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, yasiyoyumba. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Na watoto wasisogee.

Jambo la pili ni uwiano wa difu. Ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Katika Land Rover za zamani hesabu hiyo ni 4.7, yaani propela shafti inazunguka mara 4 na karibu robo tatu ndipo magurudumu yazunguke mara 1. Ukifunga nyuma ekseli ya hesabu nyingine, gari litakwenda vizuri kwa magurudumu mawili, mtafurahi, mtamlipa fundi. Siku mtakapoingiza gia ya magurudumu ya mbele kwenye njia ngumu, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Namna ya kupima kabla ya kununua ni rahisi. Ekseli ikiwa chini, mtu mmoja ashike gurudumu la upande mmoja lisizunguke. Mwingine azungushe gurudumu la pili mizunguko 2 kamili. Wa tatu ahesabu shafti ya difu imezunguka mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo uwiano. Pima na ekseli ya mbele ya gari lenu kwa njia hiyo hiyo, mlinganishe.

Jambo la tatu ni kumalizia kazi. Ekseli mpya ikishafungwa kwenye springi, na propela shafti, shokapu na bomba la breki vikisharudishwa, difu itiwe oili mpaka kimo chake. Breki zitolewe hewa mpaka pedali iwe ngumu mguuni. Gari litembezwe kwanza tupu. Baada ya safari ya kwanza bolti zote zinazoshika springi zikazwe tena, kwa sababu chuma kipya kinapokaa mahali pake hulegea. Mafundi wengi hulijua hilo. Tatizo ni kwamba wenye gari hawarudi, kwa sababu gari linakwenda!

Lakini kabla ya yote hayo, ndugu zangu, kaeni chini mfanye hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni: ekseli inagharimu kiasi gani, kuisafirisha kiasi gani, fundi kiasi gani, oili na bolti kiasi gani. Upande wa pili andikeni: gari hili msimu uliopita lilifanya safari ngapi, lililipwa kiasi gani, lilikula mafuta kiasi gani, na lilisimama wiki ngapi. Halafu mwiteni fundi msiyemlipa kwa kazi hiyo ya ekseli, awaambie ukweli juu ya chesisi na giaboksi. Chesisi ikiwa imeoza, kufunga ekseli nzuri ni sawa na kuezeka upya nyumba ambayo kuta zake zimeliwa na mchwa. Hapo uamuzi wa busara ni kuliacha gari lipumzike. Na hapo ndipo ekseli ile ile, hata ile yenye difu mbovu, inapoanza maisha yake ya pili.

Sasa tuje kwenye mkokoteni.

Mkokoteni mzuri wa maksai unahitaji mambo mawili: magurudumu yanayozunguka kwa wepesi, na kitu imara cha kuyashikilia. Ekseli ya nyuma ya Land Rover inayo yote mawili. Kumbukeni neno nililowaambia mlishike: shafti haibebi mzigo. Basi zichomoe zote mbili, itoe na difu, na ekseli inabaki bomba imara lenye habu mbili, beringi nne na magurudumu mawili. Inakuwa nyepesi, na maksai hawahangaiki kuzungusha meno yasiyo na kazi. Upana kati ya magurudumu ni kiasi cha mita 1.3, unapita vizuri katika njia zetu za shamba.

Lakini angalieni! Si kila ekseli ni ya namna hiyo. Magari mengi madogo ya kubebea mizigo yana ekseli ambayo gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Ukichomoa shafti, gurudumu linatoka nayo. Namna ya kutambua ni kutazama katikati ya gurudumu. Ukiona kitako kilichojitokeza chenye duara la bolti zake, mbali na nati zinazoshika ringi, hiyo ndiyo ekseli tunayoitaka. Usipokiona, basi ekseli hiyo iachwe na difu yake na oili yake ndani kama ilivyo, na kazi yake ipewe fundi anayeifahamu. Inafaa, lakini ni nzito zaidi na inadai matunzo.

Unaponunua, dai stakabadhi yenye jina la muuzaji na maelezo ya chombo ilipotoka, na umwonyeshe mtendaji wa kijiji. Vipuri vya magari huibwa. Usije ukapeleka tumbaku sokoni, ukarudi na polisi.

Haya, umeipata. Imwage oili yote ndani ya debe, usiimwage ardhini karibu na kisima. Toa shafti na difu. Tundu la difu lizibwe kwa bamba la chuma na bolti, ili vumbi na maji visiingie. Tundu la katikati ya kila habu nalo lizibwe kwa kifuniko cha chuma kilichokatwa duara. Sasa hapa ndipo wengi huharibu. Ukishaitoa difu na oili yake, lazima beringi ziwekewe grisi. Habu zifunguliwe, beringi zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, zijazwe grisi mpya mpaka katikati ya gololi, na sili zilizochakaa zibadilishwe. Kisha kaza nati ya beringi huku unazungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, halafu ilegeze kidogo tu mpaka gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza, ndipo uifunge kwa kifungio chake. Ikikazwa mno, beringi inaungua. Ikilegea mno, inajipiga mpaka inavunjika. Rudia kazi hii kila mwaka kabla ya msimu wa kubeba mazao. Grisi ya mwaka mzima ni kitu kidogo sana ukilinganisha na beringi moja.

Ukienda kuunda mkokoteni wenyewe, tumia chuma au mbao ngumu. Miti kama mninga ni mizuri, lakini kibali cha ofisi ya misitu kitangulie shoka. Boriti za mkokoteni zifungwe kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U, zile zile zilizoshika springi. Kuchomelea moja kwa moja juu ya bomba ni jambo la kuepuka, maana joto hulipinda. Ikilazimika, beringi zitolewe kwanza. Kwa mafundi, Tabora haikosi karakana, na shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, kazi yake ni kusaidia viwanda vidogo kama hivi. Kule Arusha kipo pia kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachoshughulikia zana za wakulima na ufundi wa vijijini.

Ekseli ikae mahali gani? Isikae katikati kabisa ya jukwaa la mkokoteni. Ikae nyuma kidogo ya katikati, ili mzigo uelemee mbele kidogo. Ukiuweka mzigo wote nyuma, mti wa kukokotea utainuka na kuwakaba maksai shingo kwa chini. Ukiuweka wote mbele, nira itawakandamiza mabega mpaka yatoke vidonda. Kipimo changu ni hiki: mkokoteni ukishapakiwa, mtu mzima mmoja aweze kuinua mti wa kukokotea kwa mikono miwili bila kuugua. Akishindwa, sogeza mzigo nyuma. Mti ukiinuka wenyewe, sogeza mzigo mbele.

Breki je? Wengi hawaweki. Wanasema maksai ndio breki. Ndugu zangu, mkokoteni wenye beringi nzuri unateremka wenyewe, na penye mteremko kuelekea mtoni unawasukuma maksai kwa nyuma mpaka wanaanguka. Waliovunjika miguu hivyo tumewaona. Ziache dramu za breki mahali pake, na fundi akuundie mkono wa chuma na waya wa kuzivuta. Ikishindikana, weka gogo la kubana tairi kwa mnyororo na mkono mrefu. Si kitu cha anasa.

Mzigo uwe kiasi gani? Hapa tutumie hesabu, si hasira. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja wana kilo 600. Kwa kazi ya saa nyingi, wanavuta kwa nguvu ya kiasi cha sehemu 1 ya 10 ya uzito wao, yaani kilo 60. Kwenye barabara ngumu na tambarare, mkokoteni wenye tairi zilizojaa upepo unadai nguvu ya kilo 6 hivi kwa kila kilo 100 za uzito. Kwa hiyo wanaweza kwenda na kilo 1,000. Toa mkokoteni wenyewe, tuseme kilo 300. Zinabaki kilo 700 za mzigo. Kilo 700 ni mizigo ya wapagazi 22 wa msafara wa zamani! Na anayewaongoza maksai ni mtu mmoja au wawili.

Lakini mchanga mzito unadai nguvu mara mbili au tatu ya hiyo, na mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 20 unakaribia kuidai mara mbili. Kwa hiyo njia yako ikiwa na mchanga au kilima, mzigo ugawe, au ongeza jozi ya pili ya maksai mahali pale pagumu, na uwapumzishe mara kwa mara. Kupiga fimbo hakupunguzi mchanga. Mmoja wenu ameuliza kama punda wanafaa. Wanafaa sana, ila jozi ya punda ina uzito usiofikia nusu ya jozi ya maksai. Basi na mzigo wao uwe hivyo hivyo.

Maksai nao watunzwe. Wafanye kazi asubuhi mapema, saa za jua kali wapumzike na kunywa maji. Nira isiwe na makali. Kidonda cha bega kikionekana, kazi isimame mpaka kipone. Na wale inzi walioua ng'ombe wa misafara ya mwaka 1877 bado wamo katika mapori yetu ya miombo. Tofauti ni kwamba leo dawa ya nagana ipo. Ng'ombe anayekonda huku anakula, manyoya yakimsimama na macho yakitoa machozi, usimfunge nira. Mwite mtaalamu wa mifugo ampime na kumpa dawa kwa kipimo sahihi. Ukijua safari itapita porini penye ndorobo, mwone kabla ya safari, si baada ya safari.

Jambo jingine ni barabara kuu. Mkokoteni hauna taa. Usiku dereva wa lori hauoni mpaka amekwisha ufikia. Bandika vioo vyekundu vya kurudisha mwanga nyuma, na vyeupe mbele. Jua likizama, toka barabarani. Hakuna gunia lenye thamani ya mtu.

La mwisho nililo nalo linahusu nyumbani. Nimeona mikokoteni mizuri ambayo inabeba tumbaku ya baba miezi miwili, halafu miezi kumi inasimama chini ya mwembe, wakati mama anakwenda kisimani na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na jioni anarudi na kuni. Huo si utumiaji mzuri wa chuma. Mapipa mawili ya maji juu ya mkokoteni yanamaliza shida ya siku kadhaa. Kuni za wiki mbili zinakuja kwa safari moja. Samadi inafika shambani, nayo samadi ndiyo mavuno ya mwaka ujao. Kaeni kama familia mpange siku za maji, siku za kuni na siku za samadi. Wasichana na akina mama nao wafundishwe kuongoza maksai, maana kazi hiyo inadai subira kuliko misuli. Na kama mkokoteni ni wa kikundi, ratiba iandikwe, na kila anayeutumia achangie fedha ya grisi na pancha. Mkokoteni wa wote usio na mlinzi ni mkokoteni wa mchwa.

Basi ndugu wasikilizaji, tuyakusanye. Gari likigoma, tafuteni kwanza ni shafti, ni difu au ni bomba. Msiingie uvunguni kwa kutegemea breki ya mkono. Ekseli ya nyuma iwe na hesabu moja na ya mbele. Fanyeni hesabu kabla ya kulitia gari fedha. Na ekseli ya gari lililokwisha msiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Itoeni shafti na difu, ipeni grisi, ifungeni vizuri, iwekeeni breki, na msiwapakie maksai zaidi ya nguvu zao.

Wazee wetu walibeba nchi hii vichwani kutoka hapa mpaka pwani kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo. Mwenye swali juu ya haya amwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yake, au afike hapa chuoni siku yoyote ya kazi. Mkokoteni tunao, njooni muugeuze chini juu mwone unavyofungwa.